Kashata bado zipo ila tairi limezeeka: linadumu muda gani, na ununue lipi?

Swali ni la dada mmoja wa Mbezi, Dar. Ana Toyota Premio aliyoagiza Japani mwaka 2019, anaenda nayo kazini na kurudi, Jumapili kanisani, safari ndefu ni Desemba tu kwenda kwao Moshi na watoto. Fundi kamwambia matairi yote yamezeeka abadilishe, yeye akiyaangalia anaona kashata (vile vidonge vya raba vinavyokanyaga barabara) bado zimejaa, anahisi anataka kupigwa hela. Jirani kamwambia kama lazima abadilishe basi achukue mtumba wa Japani, ni imara kuliko mpya wa Mchina. Na kuna duka limemwambia saizi yake kwa sasa hamna ila 185/65R15 ipo na inaingia bila shida. Anauliza tairi linadumu muda gani hasa, na achukue lipi. Katuma na picha.

Dada habari, pole na majukumu. Fundi wako hajakudanganya. Badilisha yote manne kabla ya hiyo safari, na ntakueleza sababu ili uwe umeelewa mwenyewe, usibadilishe kwa kuogopa tu.

Tuanze na picha zako maana majibu mengi yamo humo. Matairi ya nyuma yameandikwa BLIZZAK, pembeni kuna neno STUDLESS, halafu kuna kamchoro ka mlima wenye vilele vitatu na ndani yake ka nyota ka theluji. Hayo ni matairi ya barafu dada. Bridgestone wanayatengeneza kwa ajili ya sehemu kama Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ambako barabara zinaganda, raba yake imechanganywa ibaki laini hata kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0, na ukiinama ukaangalia kila kidonge cha kashata utaona kimechanwa vimstari vyembamba vingi sana, hivyo ndo vya kung'ang'ania barafu. Kule kwao ni tairi zuri sana. Sasa lilete Dar, lami imepigwa jua tangu asubuhi, ile raba laini inakuwa inalegea, gari ukikata kona unahisi nyuma inayumba kidogo, ukishika breki ghafla kwenye lami yenye maji gari linaenda mbele zaidi kabla ya kusimama. Kuna magari ya Japani yanafika hapa hivyo, na mtu anaendesha miaka na miaka bila kujua amevaa nini. Mengine ya aina hiyo hiyo ni iceGUARD ya Yokohama na Winter Maxx ya Dunlop, ukiona neno STUDLESS ujue ndo hayo hayo, brandi yoyote ile.

Mbele umeweka matairi ya kawaida, uliyanunua mtumba miaka miwili iliyopita kama ulivyosema. Sawa. Sasa twende kwenye umri.

Kwenye ubavu wa kila tairi kuna mstari unaoanza na herufi DOT, unafuatwa na herufi na namba ambazo wewe hazikuhusu, na mwisho kabisa kuna namba 4, mara nyingi zimewekwa ndani ya kaduara kalikobanwa. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ya nyuma yako nimeisoma 4815, maana yake lilitoka kiwandani wiki ya 48 ya mwaka 2015. Ya mbele inasoma 2217, wiki ya 22 ya 2017. Kwahiyo ulipoyanunua kwa mtumba yalikuwa tayari yana miaka ya kutosha, wewe ukahesabu yameanza kuzeeka siku uliyoyafunga. Tairi halihesabu hivyo, linahesabu kuanzia siku lilipotoka kiwandani hata kama limekaa stoo. Ukikuta mstari wa DOT unaishia njiani bila zile namba 4, zitakuwa upande wa pili, ule unaotazama chini ya gari, itabidi uinamie na tochi ya simu. Na ukikuta tairi la mtumba ambalo hiyo sehemu imesagwa au imekwanguliwa, usiulize bei, ondoka.

Kwanini umri unahusika wakati kashata zipo? Hapa ndo watu wengi wanapokosea, wanadhani tairi ni kashata. Kashata ni ngozi ya nje tu. Ndani kuna mikanda ya nyaya za chuma imelazwa tabaka juu ya tabaka, na kinachoishikilia pamoja ni raba. Joto na oksijeni vinaila hiyo raba taratibu, na oksijeni inatokea hadi kwa ndani, kwa sababu upepo uliojaza unasukuma kupita kwenye raba kidogo kidogo kila siku. Raba ikikauka inashindwa kushika nyaya, tabaka zinaanza kuachana, na kwa nje huoni kitu. Siku unakimbia 100 juani, gari limejaa, tairi limechemka, kashata nzima inabanduka au tairi linapasuka. Kiwandani huwa wanachanganya dawa na nta kwenye raba ya kuzuia huo uzee, ila dawa inaisha, na ile nta inatoka nje vizuri tairi linapozunguka na kukunjwakunjwa barabarani, ndo maana gari linalolala muda mrefu ubavu wake unapasuka nyufa kama udongo wa jaruba lililokauka. Wewe unaendesha kidogo, kashata zako haziishi, kwahiyo matairi yako hayatakufa kwa kilomita, yatakufa kwa miaka. Mtu wa Bolt anayezunguka mjini kutwa ni kinyume chake, yeye atamaliza kashata kabla umri haujafika.

Na jua letu linaongeza. Marekani idara ya usalama barabarani, NHTSA, iliwahi kutoa takwimu za kampuni moja ya bima za miaka ya 2002 hadi 2006: majimbo matano ya joto, Texas, California, Louisiana, Florida na Arizona, yalikuwa na asilimia 27 tu ya wateja wa ile kampuni lakini asilimia 77 ya madai ya matairi yalitoka huko, na katika hayo asilimia 84 yalikuwa ya matairi yaliyopita miaka 6. Ukiangalia hali ya hewa ya Dar tuko kundi hilo la joto, hatuko kundi la baridi.

Uingereza nako, Septemba 2012, basi lililokuwa limebeba watu wanaotoka kwenye tamasha la muziki liliacha barabara kule Surrey baada ya tairi la mbele kupasuka, watu 3 wakafa. Lile tairi lilikuwa na zaidi ya miaka 19, na kashata zake zilikuwa bado halali kisheria. Mtu yeyote angeliangalia kwa macho angesema zima. Ilichukua miaka mpaka Februari 2021 ndo wakaweka sheria kwamba lori na basi haliruhusiwi kuwa na tairi la zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele. Nakwambia haya kwa sababu hiyo sentensi ya "kashata bado zipo" nakutana nayo kila wiki, na huwa inaniuma mtu anapoondoka nayo na watoto wamekaa siti ya nyuma.

Kwahiyo linadumu muda gani? Kwa kilomita, tairi la kawaida la gari dogo kwenye lami nzuri unategemea 40,000 mpaka 60,000, kwenye vumbi, mawe na mashimo inashuka sana, na gari lenye alaimenti mbovu (magurudumu hayajanyooka sawasawa) linaweza kumaliza tairi jipya ndani ya miezi michache. Kwa miaka, baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema badilisha ukifika miaka 6, kampuni za matairi kama Michelin wanasema kuanzia miaka 5 likaguliwe kila mwaka na ikifika 10 litoke hata kama linaonekana zima. Mimi kwa joto la pwani nachukua ile ya 6, na gari linaloshinda juani sitaki lipite hapo kabisa. Yako ya nyuma yameshapita hata ile 10 ya mwisho. Hamna mjadala hapo.

Kashata nazo ziangaliwe, sio kwamba hazina maana. Tafuta kwenye bega la tairi kapembetatu kadogo au herufi TWI, ukifuata moja kwa moja mpaka kwenye mfereji utaona katuta ka raba kamekaa chini, kana urefu wa milimita 1.6. Kashata ikilingana na katuta, tairi ni kipara. Ila usisubiri hapo, tairi jipya lina kama milimita 8, ikibaki 3 tayari maji ya mvua yanaanza kulishinda kuyatoa na gari linaelea. Kwa mtu anayeendesha masika hapa mjini mimi nasema 3 ndo mwisho. Na usikubali kabisa tairi la kuchongwa, wale wanaochukua kipara wanachora mifereji upya kwa kisu cha moto, tairi la gari dogo halina unene wa kuchongwa, unakuwa umebaki na kiraba chembamba juu ya nyaya.

Sasa jirani yako na mtumba wa Japani. Namuelewa, miaka ya nyuma watu waliumizwa na matairi mapya ya hovyo wakaona mtumba ni bora. Lakini fikiria huo mtumba unatoka wapi: mwenye gari kule Japani kaliona halimfai kalitoa, limekaa kwenye uwanja, likapandishwa kontena, likakaa bandarini, likaja kupakwa kilainishi cheusi likang'aa Kariakoo. Hujui kama liliwahi kuendeshwa bila upepo, na tairi lililowahi kuendeshwa bila upepo linaharibika ubavu kwa ndani ambako kwa nje huoni. Hujui lilizibwa wapi. Na unaweza kukuta ni STUDLESS. Hata kwa hela sio rahisi kama inavyoonekana. Tuseme, kwa mfano tu, mtumba ni shilingi 70,000 na umebakisha kilomita 15,000, hiyo ni kama shilingi 4.70 kwa kilomita. Jipya tuseme ni 160,000 na linakupa 45,000, hiyo ni kama 3.60. Chukua bei za siku utakayoenda dukani upige hesabu hiyo hiyo.

Kuhusu Mchina, sio wote sawa na sio haki kuwaweka kapu moja. Kampuni kubwa kama Linglong, Triangle, Sailun na Westlake zinauza dunia nzima na kwa gari la kwenda kazini na safari moja ya mwaka zinafanya kazi. Kuna vijina vingine ambavyo muuzaji mwenyewe hawezi kukueleza kiwanda gani kinatengeneza, hivyo achana navyo hata kama bei inatamanisha. Kama mfuko unaruhusu, Bridgestone, Yokohama, Dunlop au Michelin, mengi tunayopata hapa yametengenezwa Thailand, Indonesia au Japani penyewe, utaona tofauti hasa kwenye breki ya mvua na kelele. Ila nisikilize vizuri hapa: kati ya tairi la jina kubwa la miaka 4 lililododa dukani na la kati lililotoka kiwandani mwaka jana, kwa matumizi yako mimi nachukua la kati. Wewe unanunua miaka, na lile limeshakula miaka 4 kwenye rafu. Siku zile kiwanda cha General Tyre cha Arusha kinafanya kazi ulikuwa unaweza kupata tairi lililotoka kiwandani juzi, sasa hivi karibu kila kitu kinakuja na meli kutoka mbali, kwahiyo miezi 6 mpaka mwaka mmoja ni kawaida, usigombane na muuzaji kwa hilo. Miaka miwili bado naweza kukubali akipunguza bei. Zaidi ya hapo mwambie akuletee mengine.

Matairi mengine yana maneno TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE ubavuni. Treadwear ni namba, 400 kwa kawaida linadumu kuliko 200, ila kila kampuni inajipimia yenyewe kwahiyo linganisha ndani ya brandi moja. Traction ni kushika kwenye maji, AA ndo juu halafu A, B, C. Temperature ni kuvumilia joto, na kwa barabara zetu na jua letu usichukue C.

Saizi. Picha yako inaonyesha 195/65R15 91, ni moja ya saizi ambazo Premio zinakuja nazo, ila hakikisha kwenye stika iliyopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ile 185/65R15 wanayokupa ni kweli itaingia kwenye rimu, hapo hawajadanganya, lakini tairi kuingia ni kitu kimoja na kubeba ni kitu kingine. Ile namba 91 ni uwezo wa kubeba, kilo 615 kwa tairi moja. 185/65R15 kawaida inakuja na 88, ambayo ni kilo 560. Umepoteza kilo 55 kwenye kila tairi, yaani 220 kwa gari zima, halafu Desemba unapakia watoto, mizigo, ndizi na kila kitu cha kurudi nacho kutoka Moshi. Na kipenyo kinapungua kama asilimia 2, dashibodi itakuonyesha spidi kubwa kuliko unayokwenda na kilomita zitahesabika haraka. Kataa. Namba ya kubeba isishuke chini ya ile ya kwenye gari, ikipanda haina shida. Herufi inayofuata ni spidi, S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, kwako yoyote kati ya hizo inatosha. Na kama una ndugu mwenye Hiace mwambie kabisa asiweke tairi la gari dogo hata kama rimu inakubali, Hiace inahitaji tairi lenye alama ya LT, mengi yake yana namba 107/105, ile gari inabeba mzigo.

Ukishindwa kununua manne kwa mpigo, nunua mawili, na hapa utabishana na mafundi wengi: mapya yanakaa NYUMA. Najua Premio inavuta mbele na watu wanasema mapya yaende kwenye kazi. Lakini kwenye mvua tairi za mbele zikiteleza usukani unakuwa mwepesi, unaachia mafuta, gari linarudi. Za nyuma zikiteleza gari linageuka limekuangalia ulikotoka na hapo dereva wa kawaida hana la kufanya. Kwako ni muhimu zaidi maana mabovu kuliko yote yapo nyuma, hayo Blizzak yatoke kwanza, yasihamishiwe mbele wala kuwekwa spea. Mwenye gari linalovuta magurudumu yote manne, Subaru Forester kwa mfano, huyo asicheze na mawili mawili, matairi yakipishana sana kipenyo yanaumiza mfumo wa kugawa nguvu, anunue manne tu.

Siku ya kufunga, simama pale pale. Hakikisha wanaweka valvu mpya, ni vitu vya hela ndogo na vya zamani vinavujisha. Wafanye balansi, kisha uende alaimenti siku hiyo hiyo kabla hujaanza kuyala. Na waulize matairi ya zamani yameisha vipi kabla hayajatupwa, kwa sababu tairi linasema ugonjwa wa gari: likiwa limeliwa mabega yote mawili upepo ulikuwa mdogo, likiliwa katikati upepo ulizidi, upande mmoja ni alaimenti au bushi zimekufa, likiwa limeliwa mabondemabonde kuzunguka ni shokapu au balansi. Usipotibu hicho unaenda kuua mapya.

Halafu upepo, hiki kinaua matairi sana na kukiangalia ni karibu bure. Ile ile stika ya mlangoni inakuambia, magari ya Japani yanaandika kwa kPa, 220 ni kama 32 kwenye zile mashine zetu za psi, 230 ni kama 33. Usikubali kijana wa pampu akuwekee 40 kwa sababu "ndo tunaweka". Pima asubuhi gari halijatembea, mara moja kwa mwezi na kabla ya safari, maana tairi zima linapoteza kama psi 1 kwa mwezi lenyewe tu. Upepo ukiwa mdogo ubavu unajikunja kila mzunguko, kukunjwa kunazaa joto, na joto ndo lile nililokueleza juu. Ukifika Korogwe ukapima ukakuta imepanda mpaka 37 au 38 usipunguze, ni joto la safari, ukipunguza pale ikipoa itakuwa chini. Ya naitrojeni wakikushawishi ulipie, upepo wa kawaida tayari una asilimia 78 ya naitrojeni, hela hiyo nunua kipimo chako mwenyewe ukiweke kwenye gari. Kila kilomita 10,000 zungusha, za mbele ziende nyuma moja kwa moja upande ule ule, za nyuma zije mbele kwa kupishana, isipokuwa tairi lenye mshale wa mwelekeo, hilo linabaki upande wake.

Ukipata pancha katikati ya kashata, tundu la msumari wa kawaida, lizibwe, ila lifunguliwe liangaliwe ndani na kuwekwa kiraka cha ndani, ile kamba nyeusi ya kuchomeka ni ya kukufikisha tu. Tundu la ubavuni halizibwi. Ukigonga shimo ukaona nundu imetokea ubavuni ni nyaya zimekatika, tairi hilo halina dawa, hata likiwa na wiki moja.

Mwisho angalia spea. Fungua buti, soma zile namba 4 kwenye spea pia, wengi hapo wanakuta tairi la mwaka ule gari lilipotengenezwa. Kama ni ile nyembamba ya dharura inatakiwa upepo mwingi, 420 kPa ambayo ni kama psi 60, na spidi isizidi 80. Ikiwa imekauka nyufa, tafuta rimu ya saizi yako na ufunge tairi moja la mbele ulilotoa, hayo ya 2217, kama halina nyufa wala nundu. Nalo limeshapita ile miaka 6, kwahiyo ni la dharura tu: litakufikisha kwa fundi wa pancha, ukishazibiwa lirudi kwenye buti.